Asiyeona na Excel: jedwali linavyosomwa kwa sikio na vidole

Tangazo la kazi likibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, iwe Rungwe, Mufindi au Makete, sharti moja ni nadra kulikosa: mwombaji awe na ujuzi wa kompyuta, hasa Word na Excel. Likishabandikwa, mjadala ni ule ule. Word sawa, watu husema, asiyeona anaweza kufundishwa kuchapa barua. Lakini Excel? Ile mistari, zile safu, zile rangi, atazifuataje? Swali hilo limeingia kwa mlango mwingine pia, kupitia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi kikishapewa fedha kinatakiwa kiwe na hesabu za marejesho zinazoeleweka, na wapo wanaoamini kwamba kikundi cha wasioona lazima kiazime mwenye macho wa kukishikia hesabu.

Si lazima. Asiyeona anatumia Excel hii hii tunayoitumia sote, si toleo la pembeni alilotengenezewa yeye. Ila anaitumia kwa njia ambayo mwenye macho hajawahi kuihitaji, na kwa kuwa haijui, anadhani haipo. Nitakwenda mbali zaidi: mengi yanayoitwa ugumu wa Excel kwa wasioona hayatokani na kutoona, yanatokana na jinsi sisi wengine tunavyopanga majedwali yetu. Nitafika huko.

Tuanze na vyombo. Kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti kilichopo pale ulipo kwenye skrini. Basi. Hakiamriwi kwa mdomo. Mtu akisikia "kompyuta inaongea" huwa anapiga picha ya mtu anayeiambia mashine "nifungulie faili la Januari" nayo ikatii. Hiyo ni teknolojia nyingine. Hapa kompyuta ndiyo inayoongea, mtu anaijibu kwa vidole. Kibodi nayo ni ile ya dukani, haina nukta nundu. Papasa herufi F na J kwenye kibodi yako utakuta vijinundu viwili. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na vingine vyote hujua njia kuanzia hapo.

Kuhusu gharama, uvumi unasema programu hizi ni za wenye mfadhili kutoka nje. Kuna ya kulipia, ndiyo: JAWS, iliyoanzishwa na Mmarekani Ted Henter, aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, toleo la kwanza lilitoka mwaka 1989. Lakini ipo pia NVDA, ambayo ni ya bure kabisa. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona aliyechoshwa na bei za zile za kulipia, kisha akaungana naye James Teh, naye haoni. Ukishaipakua haihitaji bando ili ifanye kazi, na unaweza kuibeba kwenye flashi ukaichomeka kwenye kompyuta ya steshenari ya mtaani bila kuisakinisha. Na hata kama huna flashi, kila Windows ya kisasa ina kisoma skrini chake kinachoitwa Narrator. Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, kitaanza kuongea. Bonyeza tena vivyo hivyo, kitanyamaza. Mwenye macho anayebisha aanzie hapo.

Sasa jedwali lenyewe. Karatasi moja ya Excel ina mistari iliyolala, yenye namba, na safu zilizosimama, zenye herufi. Mstari na safu vinapokutana pana chumba kidogo kinachoitwa seli, na kila seli ina anwani: safu C, mstari wa 12, ndiyo C12. Tangu toleo la mwaka 2007 karatasi moja ina mistari 1,048,576 na safu 16,384, yaani seli zaidi ya bilioni 17. Namba hizo nazitaja kwa sababu moja. Hakuna binadamu anayeliona jedwali zima. Mwenye macho anaona kidirisha cha mistari thelathini, arobaini hivi, na mengine anayafuata kwa kusogeza. Asiyeona ana kidirisha cha seli moja. Tofauti ni ukubwa wa dirisha, na ndiyo maana ufundi wake wote uko kwenye kulihamisha dirisha hilo haraka na bila kupotea.

Mfikirie konda wa daladala ya Mbeya, itokayo Uyole kwenda Mbalizi. Abiria aliyebanwa katikati, kifua kwa mgongo, haoni nje hata kidogo. Anajua alipo kwa sababu konda anataja: Soweto, Kabwe. Konda hasomi ramani ya jiji zima. Anataja mlipofika, na anayeijua barabara anajua kilichopita na kilichobaki. Kisoma skrini kinafanya hivyo hivyo. Ukigusa kishale cha kushoto, kulia, juu au chini, kinataja kilichomo kwenye seli uliyofika na anwani yake. Seli ikiwa tupu, NVDA inataja anwani peke yake, na ukimya ule kabla ya anwani ni habari tosha.

Tuchukue kitu kinachofahamika: daftari la VICOBA (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) ya wanachama 30 pale Uyole, lililohamishiwa kwenye Excel. Safu A ni jina, B mtaa, C hisa, D mkopo, E rejesho, F salio. Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu, kwa hiyo wanachama wanaanzia mstari wa 2 hadi wa 31. Mtunza hazina asiyeona analifungua faili. Jambo la kwanza si kusoma majina. Anabonyeza Ctrl na Home, sauti inamwambia "Jina, A1". Sasa yuko kwenye kona ya juu. Anakwenda kulia kwa kishale, kituo kwa kituo: mtaa, hisa, mkopo, rejesho, salio. Anajua sasa kuna safu sita. Kisha Ctrl na End, ambayo humpeleka kwenye seli ya mwisho iliyowahi kutumika. Akisikia F31, ameshaupata ukubwa wa jedwali lote kwa sekunde chache, na bado hajasoma jina la mtu hata mmoja.

Siri ya pili ni kitufe cha Ctrl pamoja na kishale. Kishale peke yake kinakusogeza seli moja. Kikiungana na Ctrl kinakurusha hadi ukingo wa data. Ukiwa A1, Ctrl na kishale cha chini vinakufikisha A31, jina la mwisho. Bonyeza tena, sauti inataja mstari wa 1048576. Mgeni huogopa akidhani ameharibu faili. Hajaharibu. Amefika sakafuni mwa karatasi, na Ctrl na kishale cha juu vitamrudisha.

Lakini angalia kinachotokea katibu mwenye macho akiacha mstari mtupu kati ya mwanachama wa kumi na wa kumi na moja "ili ipendeze". Ctrl na kishale cha chini vinasimama kwa mwanachama wa kumi, kwa kuwa Excel inaona data imeishia hapo. Anayesikiliza ana haki ya kuamini kikundi kina watu kumi. Macho yanauruka mstari mtupu bila hata kuutambua. Sikio linauhesabu kuwa mwisho. Kosa hapo ni la nani?

Kero inayofuata ni ya namba zisizo na maana. Mtunza hazina yuko mstari wa 17, anasikia "40000, E17". Elfu arobaini ya nini, na ya nani? Anayekariri kwamba E ni rejesho atajua. Jedwali likiwa na safu ishirini, la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kakao Kyela kwa mfano, lenye kilo, makato, ushuru na bei ya kila mnada, hakuna anayekariri. Hapa ndipo watu wengi wanaojifunza wenyewe hukata tamaa, na dawa ipo. Ukiwa na NVDA, simama A1, bonyeza Insert, Shift na herufi C. Umeiambia programu kwamba mstari huu ndio wenye vichwa vya safu. Ukiwa bado A1, bonyeza Insert, Shift na R, umeiambia kwamba safu hii ya majina ndiyo kichwa cha kila mstari. Kuanzia hapo ukihamia safu nyingine utatajiwa "rejesho" kabla ya elfu arobaini, na ukishuka mstari utatajiwa jina la mwanachama. Mpangilio huo unahifadhiwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo hata mwenye JAWS akilifungua kesho ataukuta. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika meseji, na inabadilisha kila kitu.

Kuandika kuna mtego wake. Ukisimama kwenye seli yenye kitu na kuanza kuchapa, kilichokuwemo kinafutika chote. Mwenye macho anaona papo hapo. Asiyeona asipokuwa makini anaweza kufuta salio la mtu akidhani anaongeza tarakimu. Kanuni: kama unarekebisha, bonyeza kwanza F2, ndipo vishale vitembee ndani ya seli, herufi kwa herufi. Ukihisi umekoroga, Escape kabla ya Enter inarudisha kilichokuwepo, na kama Enter imeshapita, kuna Ctrl na Z. Seli yenye fomula NVDA hukutajia kwamba ina fomula, na ukibonyeza F2 unaisoma yenyewe badala ya jibu lake. Hiki ni kitu ambacho wenye macho wengi hawafanyi: wanaitazama namba ya jumla na kuiamini, kumbe fomula iliishia mstari wa 28 na wanachama watatu hawajahesabiwa. Anayesikiliza anafundishwa kuikagua tangu somo la kwanza.

Kujumlisha ni rahisi kuliko yote. Unashuka hadi chini ya safu ya marejesho, unabonyeza Alt na alama ya usawa, Excel inapendekeza fomula, unahakikisha inaanzia E2 hadi E31, Enter. Kama unataka jumla bila kuiandika popote, chagua safu nzima kwa Ctrl na kitufe kirefu cha nafasi, kisha Insert na End. NVDA itakusomea ule mstari wa chini kabisa ya dirisha ambao wenye macho huuchungulia kupata jumla na wastani. Kwenye kompyuta mpakato, ukitumia mpangilio wa vitufe wa kompyuta hizo, unaongeza Shift.

Na kuchuja? Ctrl, Shift na L huweka vichujio, Alt na kishale cha chini kwenye kichwa cha safu hufungua orodha ya kuchagua. Ukishachuja waliochelewa tu, utasikia unatoka mstari wa 5 kwenda wa 12 kwenda wa 26. Hakuna kilichopotea, iliyofichwa imerukwa, na anwani ndiyo inayokuambia. Anayezima utajaji wa anwani kwa kuona unamchosha anajinyima macho yake mwenyewe.

Sasa lugha, maana hili huulizwa sana. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Sauti yenyewe ni ya kiroboti, haina utamu wa mtangazaji wa redio, lakini inatamka Mwakalinga na Mwaipopo kwa namna inayotambulika. Ukiacha sauti ya Kiingereza, majina ya kwetu yanapondwapondwa mpaka unacheka. Kwa upande mwingine, vitufe na menyu za Excel vikiwa kwa Kiingereza, sauti ya Kiswahili nayo inavisoma kwa lafudhi ya ajabu. Maoni yangu: kwa jedwali lenye majina na mitaa, weka Kiswahili, ukiwa unajifunza menyu, vumilia Kiingereza. Hakuna suluhisho safi hapo. Kuhusu kasi, usishangae ukimkuta mzoefu ameiharakisha sauti hadi wewe husikii neno. Amezoea. Kwake ile sauti yako ya taratibu ni kupotezewa muda.

Kuna mahali anayesikiliza anachelewa kweli, na kuficha hilo hakumsaidii mtu. Kutupa jicho kwenye safu mbili na kuhisi ipi ina namba kubwa zaidi, hilo macho yanashinda. Grafu nazo zinasomeka kwa shida. Afadhali uombe jedwali lililozitengeneza. Lakini kumtafuta mwanachama mmoja kati ya elfu mbili ni Ctrl na F kwa kila mtu, na hapo mwenye kipanya hana cha kujivunia.

Sasa nigeukie wanaotengeneza majedwali, maana lawama niliyoahidi ni yao. Cha kwanza ni kuunganisha seli. Katibu anataka jina la kikundi likae katikati juu ya safu zote, basi anaunganisha A1 hadi F1 kuwa seli moja pana. Kwa macho ni nakshi. Kwa anayetumia kibodi, akipanda kutoka safu ya mkopo anajikuta A1, na akichagua safu ya rejesho kwa Ctrl na kitufe cha nafasi, safu zote sita zinachaguliwa kwa pamoja. Akifuta hapo ameifuta VICOBA nzima. Jina la kikundi liwekwe kwenye jina la faili au la karatasi, mstari wa kwanza ubaki wa vichwa.

Cha pili ni rangi. "Walioandikwa kwa nyekundu ndio wadaiwa sugu." Kisoma skrini hakitaji rangi mpaka ukiombe au ukipange hivyo. Ongeza safu moja iitwayo hali, andika "amechelewa" au "amelipa". Na hata mwenye macho atafaidi, kwa sababu safu ya maneno inachujika na kuhesabika, na haipotei ukichapisha kwa printa ya rangi moja.

Cha tatu ni kidogo lakini kinachekesha. Safu ikiwa nyembamba kuliko namba, Excel huonyesha mfululizo wa alama za reli (#) badala ya namba, na kisoma skrini kinaweza kukutajia hizo alama tu. Milioni moja na laki mbili inageuka kuwa reli, reli, reli. Bonyeza Alt, kisha H, O na I kimoja baada ya kingine, safu itajipanua yenyewe.

Mengine nayapitia mbio: jedwali moja kwa karatasi moja, karatasi zipewe majina badala ya kuachwa Sheet1 na Sheet2 (anayesikiliza huzihama kwa Ctrl na Page Down), na kabla ya kuhifadhi rudi A1 ili atakayefungua aanzie mwanzo. Wanaotumia Google Sheets wajue vitufe kadhaa ni tofauti, na inabidi kwanza kuwasha huduma ya kisoma skrini kwa Ctrl, Alt na Z.

Kwa waajiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi husika. Kipingamizi cha "kazi yetu ni ya Excel" hakina miguu tena. Kinachohitajika siku ya usaili ni kompyuta iliyowekwa NVDA mapema, hedifoni, na jedwali la majaribio lisilo na seli zilizounganishwa. Usimpe mtu asiyeona kompyuta kimya halafu ukaandika kwamba ameshindwa mtihani.

Na kwa vikundi, jambo moja la kila wiki. Mhasibu akimaliza hesabu anapiga picha ya skrini kwa simu, anaitupia kwenye kundi la WhatsApp. Kwa mwanachama asiyeona hiyo ni picha tu. Hata simu yake ikijaribu kuyatambua maandishi, safu na mistari inachanganyika, jina la huyu linakutana na deni la yule, na hana kishale cha kumrudisha A1. Tuma faili lenyewe. Ni bonyezo lile lile la kuambatisha, unachagua hati badala ya picha.